Nyumba ya pepo mbili: jinsi ya kuchora nyumba yako kisiwani Lamu

Kila mwaka ukifika mwezi wa tatu napigiwa simu zilezile. "Fundi, mbona nyumba imekuwa tanuri?" Ukifika mwezi wa saba simu zinageuka. "Fundi, milango inagonga usiku kucha, na mchanga umejaa hadi kwenye godoro." Mara nyingine nyumba ni hiyo hiyo na mpigaji ni yule yule. Nikiuliza kiwanja kilitazamwa lini, naambiwa Januari. Basi hapo nimeshajua. Mtu alikuja wakati wa kaskazi, akasimama mchangani akapulizwa vizuri, akasema madirisha yote yaangalie huko, kisha akarudi zake bara. Mwezi wa nne kusi ikaingia kwa mlango wa nyuma.

Hapa Amu, yaani Lamu, tuna pepo mbili, na sisemi zile za kupungwa kwa ngoma. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi kutoka kaskazini-mashariki. Kusi huanza Aprili ikaenda hadi Septemba au Oktoba, kutoka kusini na kusini-mashariki, na ndiyo kali, hasa Juni hadi Agosti bahari inapochafuka na mashua ndogo zikakaa ufuoni. Kati ya hizo mbili kuna maleleji, upepo hauna msimamo, na ndipo joto linapokaa. Nadharia inaishia hapa.

Mwongozo huu ni wa anayejenga nyumba ya kuishi, ya chini au ya ghorofa moja, kwenye kiwanja kilicho wazi: Wiyoni, Shela, Matondoni, Kipungani. Kama kiwanja chako kiko ndani ya mji wa kale, ambao umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, anzia ofisi ya Makumbusho ya Taifa kabla hujagusa hata jiwe moja, kwani huko kuna masharti yake.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujashika penseli

- Dira. Ya simu inatosha, ila simama mbali na mabati na nondo maana vinaidanganya.
- Futi ya mita 5, na kamba ndefu uliyoifunga fundo kila mita.
- Mti mmoja mnyofu wa mita 4 na leso kuukuu moja.
- Daftari ya miraba. Hesabu mraba mmoja kuwa nusu mita.
- Kadibodi, kisu, gundi, udi na chetezo. Utaona kazi yake hatua ya 5.
- Hati ya kiwanja na vipimo vya mipaka. Usichore nyumba juu ya ardhi yenye kesi.
- Muda. Hiki ndicho watu hawana, na ndicho kinachowagharimu.

Mchoro ukiwa tayari utahitaji kibali cha ujenzi cha kaunti, na mradi usajiliwe na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Ukienda ghorofa, mhandisi apige hesabu za nguzo na bimu. Mwongozo haukufanyi mhandisi. Unakusaidia tu usikae mbele yake ukiitikia kila analosema.

Hatua ya 1: Pima upepo wa kiwanja chako, si upepo wa Lamu

Chana leso vipande vya upana wa vidole viwili na urefu wa mkono. Simika ule mti katikati ya kiwanja, ufunge vipande vitatu: kimoja mita 1 kutoka chini, hapo ndipo kifua cha mtu aliyekaa, cha pili mita 1.5, kimo cha dirisha. Cha tatu kileleni. Kisha uje uvitazame mara tatu kwa siku: baada ya swala ya alfajiri, saa nane mchana, na saa tatu usiku. Andika upepo unatoka wapi, na uupe alama. Kitambaa kikilala ni 0. Kikipepea nusunusu ni 1. Kikinyooka ni 2. Kikichapa hadi unasikia mlio wake ni 3.

Fanya hivyo siku saba wakati wa kusi na siku saba wakati wa kaskazi. Najua, hutaki kungoja miezi sita. Basi pima msimu uliopo, na ule mwingine uulize watu wawili: jirani ambaye nyumba yake imeshapitisha mwaka, na nahodha yeyote anayeegesha karibu. Jirani atakwambia mchanga hurundikana upande gani wa ua wake. Nahodha hana haja hata ya kufikiri. Itazame na miti pia: mvinje uliosimama peke yake ufuoni umeinama kuelekea kule upepo unakokwenda, na hausemi uongo.

Kwa nini usumbufu wote huu na msimu tunaujua? Kwa sababu upepo ukigonga kitu unapinda. Niliwahi kupima kiwanja kimoja Wiyoni ambapo kitambaa cha kileleni kilinyooka vizuri kuelekea kaskazini, kusi safi kabisa, na kile cha mita 1 kilikuwa kinapepea kuelekea mashariki. Jirani alikuwa na ghorofa. Upepo ulikuwa unagonga ukuta wake, unateremka, unazunguka pembe na kuingia kiwanjani kutoka magharibi. Dirisha la chini upande wa kusini lisingepata kitu.

*Kosa la kawaida:* kupima alfajiri ya siku moja, kisha kuchora. Alfajiri kuna umande, upepo mwepesi wa kutoka bara, na unaweza kukuonyesha kinyume cha ukweli wa mchana.

Hatua ya 2: Ilaze nyumba mashariki kwa magharibi

Chora mstatili mrefu, sio mraba. Ule urefu uende mashariki kwa magharibi, ili kuta pana ziangalie kusini na kaskazini. Utaniuliza: kama pepo zote mbili zina umashariki ndani yake, mbona tusiugeuze ukuta mpana uangalie mashariki? Kwa sababu ya jua. Upepo unapinda, jua halipindi. Dirisha linaweza kukaa upande kwa upepo hadi nyuzi 45 na bado likauingiza ndani, hasa ukilisaidia kwa bawa la mlango wa dirisha. Lakini ukuta unaoangalia magharibi utachomwa kuanzia saa nane hadi magharibi, na hakuna ukingo wa paa utakaouokoa, maana jua liko chini.

Kusini na kaskazini ni rahisi. Lamu iko karibu sana na ikweta, kwa hiyo saa sita mchana jua huwa juu hata Juni linapokuwa upande wa kaskazini, au Desemba linapokuwa kusini. Ukingo wa paa uliojitokeza mita 1 unatia kivuli cha kama mita 2 za ukuta saa hiyo. Ndio maana nasema mita 1. Watu huweka nusu mita wakajinunulia mapazia.

Upana wa nyumba uwe wa chumba kimoja, pamoja na baraza au ukumbi. Nikikuta mchoro wenye vyumba viwili vimepeana mgongo na ujia wa giza katikati, narudisha. Nyumba za zamani za hapa zina vyumba vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haivuki zaidi ya kama mita 3, na wembamba huo umewafaa wenyewe kuliko walivyokusudia. Ukitaka nyumba kubwa, usiinenepeshe. Irefushe, au ikunje izunguke kiwanda, yaani ua wa ndani, katikati.

Na hapa niseme neno kuhusu wanaotaka "nyumba ya Kiswahili kama za Mkomani", mtaa wa mji wa kale. Nazipenda sana. Daka la mlangoni, kiwanda, zidaka za ukutani, ukuta wa nusu mita. Lakini zile nyumba zimesongamana, zinapeana vivuli, na vichochoro vyake ni vyembamba kiasi kwamba jua hugusa ardhi muda mfupi tu. Ukiichukua moja ukaiweka peke yake juu ya mchanga wa Shela, kuta zote nne juani, umejenga joko. Chukua kiwanda, chukua baraza, chukua ukuta mnene wa magharibi. Usichukue udogo wa madirisha.

Hatua ya 3: Moshi, choo na matangi yaende magharibi

Manahodha wana maneno mazuri ambayo mafundi tungeyaazima. Upande unakopiga upepo ni goshini, na upande wa pili ni demani (usichanganye na demani ya msimu). Kwa nyumba ya hapa, goshini hubadilika: kusi ni kusini na kusini-mashariki, kaskazi ni kaskazini-mashariki. Lakini tazama vizuri. Magharibi ni demani kwa zote mbili. Mwaka mzima, ukiondoa ule umande wa alfajiri, chochote ulichokiweka magharibi harufu yake inaondoka na haipiti kitandani.

Kwa hiyo upande wa magharibi weka jikoni, choo, bomba la hewa la shimo la maji machafu, stoo, ngazi, matangi. Faida ya pili ni kwamba vyumba hivyo vinakuwa ngao, vinapigwa na jua la alasiri badala ya vyumba vya kulala. Vyumba vya kulala viwe mashariki, na sebule au ukumbi katikati, wazi pande zote mbili.

Hili sikulijua tangu mwanzo. Nyumba ya pili maishani mwangu nilimchorea shangazi yangu, na yeye alitaka akiwa anapika aone mashua zikipita mkondoni. Nikampa jikoni pembe ya kaskazini-mashariki, dirisha pana, kila mtu akasifu. Kusi yote hakukuwa na neno. Desemba kaskazi ikaingia, na moshi wa samaki wa kukaanga ukawa unapita sebuleni, unaingia chumbani, unatokea dirisha la kusini ukiwa umeshaacha harufu kwenye kila kanzu. Shangazi hakunilaumu hata kwa neno moja. Alihamisha jiko la makaa nyuma ya choo, upande wa magharibi, akawa anapika huko amekaa kwenye kibao cha mbuzi. Nikaja kumsalimia nikaona. Nilichora upya.

Hatua ya 4: Madirisha, ya kuingia na ya kutoka

Upepo hauingii chumba kisicho na pa kutokea. Dirisha moja kubwa la kusini kwenye chumba kilichofungwa ni picha ya ukutani tu. Kila chumba cha kulala kiwe na tundu kusini na tundu kaskazini. Pasipowezekana, basi juu ya mlango wa ndani acha uwazi wa sentimita 40 uliowekwa mbao za kimia, upepo upite hata mlango ukiwa umefungwa kwa ajili ya sitara.

Ukubwa: kwa ukuta wa mita 4 kwa 3, anzia na robo yake iwe wazi, yaani mita za mraba 3, sawa na madirisha mawili ya 1.2 kwa 1.25. Vitabu vya nje vinashauri tundu la kutokea liwe kubwa kuliko la kuingia. Hapa haiendi, kwa kuwa dirisha linaloingiza kusi Julai ndilo linalotoa kaskazi Januari. Yafanye yalingane.

Kimo: kizingiti cha chini cha dirisha la chumbani kiwe sentimita 60 hadi 70 kutoka sakafuni, usawa wa kitanda. Naona madirisha yameanzia mita 1.2 kama ya ofisini. Upepo unapita juu ya mtu aliyelala na kwenda kuipoza dari. Juu kabisa ya ukuta, karibu na dari, acha safu ya tundu ndogo za hewa zisizofungwa kamwe, joto litokee hapo usiku.

Sasa kinachosahauliwa: kuna siku hutautaka upepo. Mvua za masika huja na kusi, na Mei hunyesha kwa kulala, maji yanaingia ubavuni. Kila dirisha la kusini liwe na milango ya mbao yenye luva za kufunga na kufungua, na kila bawa liwe na ndoano mbili, moja ya kulishika likiwa wazi na moja likiwa nusu. Vioo vitupu upande wa kusini sivipendi. Vikifungwa joto, vikifunguliwa mvua.

Wavu wa mbu unapunguza upepo sana kuliko watu wanavyodhani. Ukiweka wavu kila mahali, ongeza upana wa madirisha. Mimi naweka chandarua kitandani, madirisha nayaacha.

Hatua ya 5: Ijaribu nyumba kabla haijajengwa

Kata kadibodi, ujenge nyumba yako kwa kipimo cha sentimita 5 kwa mita 1. Toboa madirisha na milango mahali pake. Paa liache liwe la kufunua. Iweke juu ya meza mbele ya feni ya kusimama iliyo mbali kama hatua tatu, pigo la chini kabisa. Sasa shika udi uliowaka mbele ya dirisha la kusini na ufuate moshi.

Utauona ukiingia chumba kimoja na kukikwepa kingine. Utauona ukizunguka pembeni bila kutoka. Hapo ndipo kitanda kisiwekwe. Geuza nyumba, sasa feni iwe kaskazi. Rudia. Ukiona moshi wa jikoni unaingia ukumbini, hamisha mlango, usihamishe matumaini. Nina mteja mmoja alikata kuta za ndani mara nne kwa kisu cha jikoni mbele ya wanawe, wakicheka, na ule mchoro wa nne ndio uliojengwa. Kadibodi ni bei ya bure ukilinganisha na kubomoa linta.

Hatua ya 6: Paa lifungwe, lisiwekwe

Kasi ya upepo ikizidi mara 2, nguvu yake inazidi mara 4. Na upepo hausukumi paa tu, unalinyanyua, zaidi kwenye kingo, pembe na mgongo. Kwa hiyo:

a) Paa la miteremko minne linastahimili kuliko la miteremko miwili lenye ukuta wa pembetatu uliosimama mbele ya kusi.

b) Kenchi au makombamoyo (miti ya paa) yafungwe kwa bamba za chuma hadi kwenye bimu ya juu ya ukuta, na bimu ishikwe na nguzo. Msumari mmoja wa kuchomeka kwa pembeni si kifungo.

c) Makuti yawe na mwinuko wa nyuzi 45 au zaidi. Ukiyalaza, maji yanasimama, yanaoza, na utakuwa unaezeka upya kabla ya wenzako. Makuti ya ukingoni yashonwe karibu zaidi kuliko ya katikati.

d) Kibanda cha makuti juu ya dari ya sakafu (paa bapa la kukanyagika), kile kisicho na kuta, ni raha ya mwaka mzima: dari ya chini haipigwi na jua na upepo unapita kati. Lakini ni tanga pia. Nguzo zake zianzie ndani ya zege, zisisimamishwe juu ya sakafu kwa saruji ya kubandika.

e) Ukitumia mabati, ongeza misumari ya mpira kwenye safu ya ukingo na ya mgongo, na chini yake weka dari yenye uwazi wa hewa. Bati bila dari mwezi wa Machi sina la kusema.

Makuti na moto havipatani, na upepo ndio mpatanishi mbaya. Jiko la makaa lisikae chini ya makuti upande wa goshini, na kama paa la jirani liko karibu sana, mimi huwashauri watu wawe na dari ya sakafu badala ya makuti upande huo.

Hatua ya 7: Chumvi

Upepo wa bahari unakuja na chumvi, na chumvi inakula chuma. Ukiandika orodha ya vifaa, andika hivi: bawaba na komeo za shaba au stenlesi, misumari ya mabati iliyopakwa zinki, mbao ngumu kama mbambakofi au mvule kwa milango ya nje. Madirisha ya chuma yaliyochomelewa yanaonekana rahisi siku ya kununua.

Nondo ndani ya zege ifunikwe na milimita 50 za zege upande wa nje. Fundi atakwambia 25 inatosha, ndiyo mazoea. Simama pale. Na zege lisichanganywe kwa mchanga wa pwani wala maji ya bahari, hata kama punda wamechelewa na mchanga mzuri uko miguuni pako. Nondo itavimba kwa kutu na kupasua nguzo kutoka ndani. Mchanga wa vilima vya Shela usiuguse kwa sababu nyingine: vilima vile vya mchanga ndivyo vinavyotunza maji matamu tunayokunywa.

Hatua ya 8: Ukuta na chokaa, na subira yake

Jiwe la matumbawe linavuta unyevu na kuutoa. Ukilipaka saruji ngumu unalifunga pumzi. Unyevu na chumvi vinakwama nyuma, na baada ya misimu michache plasta inabanduka kama ganda la yai. Tumia chokaa, sehemu 1 ya chokaa iliyokwisha kuzimwa kwa maji kwa sehemu 3 za mchanga safi.

Upepo una dhara yake hapa pia. Chokaa inataka kukauka polepole, na kaskazi ya Januari inaikausha kwa saa chache, ikajaa mipasuko myembamba kama kiganja cha mzee. Paka asubuhi mapema au alasiri, tundika magunia mabichi mbele ya ukuta, na yarushie maji mara tatu kwa siku kwa wiki moja. Fundi asiyekuwa na magunia usimruhusu apande ngazi.

Hatua ya 9: Uwanja

Kwa ufupi. Usizungushe ukuta mzima wa mita 2.5 kusini ukashangaa upepo umekwenda wapi. Tumia ua wa miti au matofali ya matundu. Mivinje ipande safu mbili kusini, mbali kidogo na nyumba, itapunguza ukali na kudaka mchanga bila kuziba. Minazi isimame mbali na paa. Magharibi panda mti wa kivuli kizito, mwembe au mkungu.

Mambo yakienda mrama

*Milango inagonga usiku.* Ndoano hazitoshi, au tundu la kuingia ni kubwa mno kuliko la kutokea. Weka ndoano kwanza. Ikiendelea, fungua tundu za juu upande wa demani.

*Chumba kimoja kina joto, vingine sawa.* Washa udi ndani yake. Moshi ukisimama, hakina pa kutokea. Toboa juu ya mlango. Moshi ukitoka haraka lakini joto limebaki, tatizo ni dari au ukuta wa magharibi, si upepo.

*Mvua inaingia kwa kusini hata milango ya dirisha ikiwa imefungwa.* Tazama kizingiti. Kiwe kimeinama nje, na chini yake kiwe na mfereji mdogo wa kudondoshea maji. Mara nyingi kimeinama ndani.

*Mchanga unajaa ukumbini.* Unaingia chini, sio juu. Inua kizingiti cha baraza sentimita 30 au panda mimea mifupi ya kutambaa mbele yake.

*Moshi unarudi jikoni.* Bomba ni fupi kuliko mgongo wa paa. Lirefushe lipite mgongo, au hamisha jiko ukuta wa magharibi.

*Bati linapiga kelele.* Msumari umelegea kwenye ukingo wa goshini. Panda leo, usingoje. Likianza kuinuka pembe, linafuata lote.

*Nimefanya yote na Machi bado ni joto.* Wakati wa maleleji hakuna upepo, na hakuna mchoro unaotengeneza upepo usiokuwepo. Weka feni ya dari, fungua tundu zote, na kama una dari yenye kibanda cha makuti, pandisha mkeka na chandarua. Ukinipigia simu saa saba ya usiku, nitakujibu nami nikiwa nimelala juu ya dari yangu.